Skafu ya rangi mbili inapinda kama ndizi: ukingo mmoja sm 60, mwingine 64. Kosa liko wapi?

#1 Kitanzi26
Wakuu habari. Naomba wenye mikono yao waje hapa.

Kazi ni skafu ya mtoto, nyekundu na nyeupe. Lengo ni upana sm 12 na urefu mita moja. Uzi ni akriliki wa DK (double knitting, uzi wa unene wa wastani), rangi zote chapa moja, donge la gramu 50 kila rangi. Sindano za milimita 4, vitanzi 26. Nafuma kawaida (knit) safu zote, kwenda na kurudi, hakuna kinyume (purl), kwa hiyo yanatokea matuta pande zote mbili. Milia ni ya safu nne nne: nne nyekundu, nne nyeupe. Uzi haukatwi, rangi iliyopumzika inapandishwa ukingoni.

Nimefika safu ya 240, yaani milia 60. Nikiilaza mezani inapinda kama ndizi. Ukingo mmoja unapima sm 60, wa pili 64. Vitanzi bado 26, nimehesabu mara tatu. Kosa liko wapi, na kuna namna ya kuiokoa bila kufumua?

#2 NapitaTu
Ngoja waje wataalamu. Nimeshavuta kigoda.

#3 Sindano_Nane
Hii haihitaji hata mtaalamu. Rangi inayopandishwa ukingoni unaivuta mno. Ukimaliza mlia mwekundu, uzi mweupe uko chini, safu nne nyuma. Unaunyakua, unaukaza, unaanza kufuma. Ule uzi unageuka kamba iliyoshonwa pembeni, na kamba haivutiki kama vitanzi. Ukingo huo unafinywa, ule wa pili unabaki huru.

Dawa: kabla ya kufuma kitanzi cha kwanza cha rangi mpya, ushike ukingo kwa kidole gumba na uunyooshe kuelekea chini mpaka ufike urefu wake halisi. Uzi unaopanda ulale bila kukaza na bila kuning'inia. Kisha ufume. Kwa safu ulizokwisha fanya, hakuna namna. Fumua.

#4 Jangwani_Kijani
Nyekundu na nyeupe? Ndiyo maana imepinda. Ungeweka kijani na njano ingenyooka yenyewe.

#5 Msimbazi_Damu
@Jangwani_Kijani mtoto kachagua rangi za watu wenye akili, usimwingilie. Mtoa mada endelea, Mnyama yuko nyuma yako.

#6 FundiSufu
Sindano_Nane amejibu kabla ya kuuliza. Mtoa mada hajasema ukingo upi ndio mfupi. Tunahitaji mambo matatu:

Mosi, unabadilisha rangi ukingo wa kulia au wa kushoto, na huo ndio wa sm 60 au wa sm 64?
Pili, kitanzi cha kwanza cha kila safu unakifuma au unakihamisha tu bila kukifuma?
Tatu, ulipimaje? Kama skafu ilikuwa bado kwenye sindano, zile sm 5 za juu zinadanganya. Hamishia vitanzi kwenye uzi mwingine, laza kitambaa mezani, kiache nusu saa ndipo upime.

#7 Kitanzi26
Asante mkuu. Nimehamishia vitanzi kwenye uzi na kupima upya: 60 na 64, hakuna kilichobadilika.

Rangi nabadilisha kulia, mwanzo wa safu ya kwanza ya kila mlia. Na ukingo huo wa kulia ndio MREFU, sm 64. Wa kushoto ndio mfupi.

Kitanzi cha kwanza: kushoto nakihamisha bila kufuma, uzi ukiwa mbele, kisha narudisha uzi nyuma na kuendelea. Kulia nakifuma. Tena kulia, katikati ya mlia, yaani mwanzo wa safu ya tatu, nazungusha uzi uliopumzika kwenye uzi ninaofumia ili usiachie kitanzi kirefu pembeni.

#8 NapitaTu
Sindano_Nane njoo uokote maneno yako.

#9 Sindano_Nane
Nimekuja. Basi ni kinyume chake: umeogopa kukaza, umeacha uzi legevu mno. Kitanzi cha kwanza cha kila mlia ni kikubwa, na milia 60 ni vitanzi vikubwa 60 upande mmoja. Gawanya sm 4 kwa 60 unapata kama milimita 0.7 kwa kila mlia. Hiyo ni kosa la kidole, haionekani ukitazama mlia mmoja. Bado nasema ni uzi unaopandishwa.

#10 MamaMakete
Hamjambo wanangu. Mnatazama ukingo mrefu wakati ugonjwa uko kwenye ule mfupi.

Kushoto anahamisha kitanzi cha kwanza. Kitanzi kisichofumwa kinabeba safu mbili peke yake. Kule kulia kila safu ina kitanzi chake. Kwa hiyo katika safu nne, kulia kuna vitanzi vinne vya ukingo na kushoto viwili. Mtu akihamisha kitanzi halafu akafuma cha pili kwa kukaza, kama tulivyofundishwa wengi ili ukingo uonekane nadhifu, ule mnyororo wa kushoto unakuwa mfupi kuliko kitambaa. Kwenye mablanketi linaonekana wazi zaidi, maana ukingo ni mrefu.

Afume vitanzi vyote pande zote mbili. Ukingo utakuwa na vinundu vidogo, lakini utanyooka.

#11 FundiSufu
Shikamoo mama. Nakubali nusu. Mnyororo wa kitanzi kimoja kwa safu mbili unafupisha kitambaa pale unapofuma laini, yaani upande mmoja kawaida na upande wa pili kinyume, kwa sababu safu za kufuma laini ni ndefu. Kwenye matuta safu zimebanana. Kwa uzi wa DK na sindano ya mm 4, kufuma laini kunatoa safu kama 28 kwa sm 10. Matuta ya mtoa mada ni safu 40 kwa sm 10. Tuta moja ni safu mbili, na kitanzi kimoja cha mnyororo kinalala sawasawa na tuta moja. Ndiyo maana mafundi wengi wanapenda mnyororo kwenye kazi za matuta: unakaa bila kuvuta.

Chukua skafu hiyo, geuza ukingo wa kushoto kwenye mwanga. Kila herufi V ya mnyororo inatakiwa ikae mkabala na tuta moja. Kama V zimelala zimetulia, mnyororo hauna kosa. Kama zimenyooka kama kamba ya upinde na matuta nyuma yake yamejikunja, mama yuko sahihi.

#12 MamaMakete
Marahaba. Nimesema "kwa kukaza". Soma tena.

#13 Madonge_Mawili
Wote mmeruka kitu alichokisema mwenyewe. Anazungusha uzi katikati ya mlia. Kwa mlia wa safu nne hakuna haja! Uzi unapanda chini ya sm 1 na nusu tu. Kuzungusha kunaanza kuhitajika mlia ukifika safu sita na kuendelea. Kila akizungusha, ukingo wa kulia unabeba unene wa nyuzi mbili badala ya mmoja, na matuta hayawezi kubanana kama upande wa pili. Kulia panavimba, panarefuka. Bana ukingo wa kulia kati ya vidole halafu bana wa kushoto. Ukisikia tofauti ya unene, umepata jibu.

Faida nyingine ya kuacha kuzungusha: madonge hayasokotani. Donge moja likae kulia kwako, jingine kushoto, na kazi uigeuze mara moja kama saa inavyokwenda, mara ya pili kinyume cha saa. Ukigeuza upande uleule kila mara, kufikia safu ya 40 nyuzi zimeshakuwa mkia wa nywele.

#14 Rula_na_Uzi
Mmesahau uzi wenyewe. Chapa moja haina maana unene mmoja. Zungusha uzi mwekundu kwenye rula bila kukaza, mzunguko kando ya mzunguko, ujaze sm 5, hesabu. Fanya hivyo kwa mweupe. Tofauti ikizidi mizunguko miwili, rangi moja ni nene.

#15 Madonge_Mawili
@Rula_na_Uzi kipimo ni kizuri lakini hakijibu swali. Kila mlia unaenda kutoka ukingo hadi ukingo. Mweupe ukiwa mnene, milia myeupe itakuwa mipana kulia na kushoto sawasawa. Kitambaa hakipindi kwa hilo.

#16 Rula_na_Uzi
Isipokuwa ule unaopandishwa. Uzi mnene ukipandishwa unavimbisha ukingo zaidi. Umejifunga kwa maelezo yako ya #13.

#17 Madonge_Mawili
Haya, umenipata. Robo pointi.

#18 Limuru_Baridi
Sasa wadau. Huku Julai hata mbwa anataka skafu, kwa hivyo nafuatilia. Je, inaweza kuwa msokoto wa uzi? Kuna nyuzi zimesokotwa mno upande mmoja hadi kitambaa kinaenda mshazari.

#19 FundiSufu
Karibu. Msokoto unapindisha kitambaa kilichofumwa laini, hasa uzi wa msokoto mmoja ambao haujaunganishwa na mwingine. Kila kitanzi kinaegemea upande uleule na kitambaa kizima kinalala kama mstatili uliosukumwa bega. Kwenye matuta, safu ya mbele inaegemea huku, ya nyuma inaegemea kule, zinafutana. Halafu tazama umbo: mshazari ni kingo mbili zenye urefu sawa zilizoinama pamoja. Ndizi ni ukingo mmoja mrefu kuliko mwingine. Ni magonjwa mawili tofauti.

#20 Limuru_Baridi
Poa, nimeelewa. Swali jingine basi: sindano zangu zimeandikwa 8. Nikitaka kufuma hiyo ya mtoa mada nitumie hizo?

#21 Sindano_Nane
Umeingia uwanja wangu. Inategemea 8 ya nani. Sindano za zamani za Kiingereza, ambazo ndizo nyingi kwenye masanduku ya bibi zetu, namba 8 ni mm 4. Ya Marekani namba 8 ni mm 5. Zinaenda kinyume: ya Kiingereza namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, ya Marekani namba ikipanda sindano inanenepa. Namba 10 ya Kiingereza ni mm 3.25, ya Marekani ni mm 6. Zinakutana kwenye 7 tu, zote mm 4.5. Maelekezo ya mtandaoni yakisema "namba 8" bila milimita, angalia aliyeandika ni wa wapi, la sivyo vitanzi 26 vitakupa upana mwingine kabisa.

#22 Limuru_Baridi
Na kama sindano moja ni 4 na ya pili ni 4.5, si hiyo ndiyo ndizi?

#23 Sindano_Nane
Hapana. Ukubwa wa kitanzi unatokana na sindano inayopokea. Safu moja itakuwa na vitanzi vidogo, inayofuata vikubwa, ukingo hadi ukingo. Kingo zinabaki sawa. Ungefanya milia ya safu moja moja, hapo rangi moja ingeonekana legevu na nyingine imebana, lakini ndizi hapana.

#24 Kahama_Kipupwe
Akriliki inawasha shingo. Kwa mtoto nunua uzi wa sufi, unatulia wenyewe ukiloweka na hizo sm 4 zinapotea.

#25 FundiSufu
SUFU. Sufi inatoka kwenye msufi, unajazia mito. Ukiweza kuifuma hiyo, tuanzishie uzi wake.

#26 Kahama_Kipupwe
Hahaha, sufu, sufu. Hoja ibaki palepale.

#27 FundiSufu
Hoja nusu yake ni nzuri. Sufu ukiiloweka dakika 15 hadi 20 kwenye maji vuguvugu na sabuni kidogo, ukaikamua ndani ya taulo bila kuisokota, ukaitandaza na kuibana kwa pini kwenye vipimo unavyotaka, ikikauka inakumbuka umbo hilo mpaka ufuaji unaofuata. Akriliki haikumbuki maji, inakumbuka joto, na joto likizidi hairudi nyuma. Pasi ikigusa kitambaa cha akriliki kinalegea, kinang'aa, kinaning'inia kama tambi iliyoiva sana. Anayetaka kujaribu: bana skafu kwa pini, shikilia pasi ya mvuke sm 3 juu ya kitambaa, mvuke upite sekunde chache, usiguse. Anza na kipande cha majaribio.

Kuhusu kuwasha, inategemea uzi. Kuna sufu inayowasha kuliko akriliki yoyote. Usugue donge shingoni dukani kabla ya kulipa, muuzaji akushangae.

#28 Msimbazi_Damu
Na huo wekundu usije ukaingia kwenye nyeupe. Loweka kwenye siki kabla, inakamata rangi.

#29 Rula_na_Uzi
Siki imesifiwa kupita kiasi. Tindikali inasaidia rangi kushika sufu wakati wa KUPAKA rangi, tena kwa joto, kitambaa kikiwa kwenye sufuria. Kuloweka uzi uliokwisha pakwa rangi kwenye siki baridi hakukamati kitu. Kwa pamba ndiyo kabisa, rangi zake hazitaki tindikali. Akriliki ya kiwandani kwa kawaida haichuji, lakini kupima ni rahisi kuliko kuamini: lowesha kipande cha uzi mwekundu cha sm 30, uzungushie kwenye kitambaa cheupe chenye maji, bana nusu saa, fungua. Kikibaki cheupe, endelea. Kikipata uwaridi, suuza donge zima kwanza, mpaka maji yatoke meupe, ndipo ufume. Pima kabla, maana wekundu ukishaingia kwenye mlia mweupe hautoki.

#30 Kitanzi26
Nimepima kama alivyosema #29, kitambaa kimebaki cheupe. Na mizunguko ya #14: nyekundu 25, nyeupe 24. Unene sio.

Nimegeuza ukingo wa kushoto kwenye mwanga (#11). V zimenyooka kiasi, sio kama kamba ya upinde, lakini hazijalala. Nimebana kwa vidole (#13): kulia ni nene kidogo. Sasa nimekwama, kila mtu ana ushahidi.

#31 MamaMakete
"Kiasi" ndiyo sm 4 yako, mwanangu.

#32 Gari_la_Mbali
Mnasahau mvuto. Madonge mawili yote yanakaa upande gani akifuma? Kama yako kwenye mfuko unaoning'inia kulia, kila safu inayoanzia kulia inavutwa na uzito wake pamoja na rangi iliyopumzika. Gramu 50 mara mbili zinazoning'inia sio kidogo kwa kitambaa cha vitanzi 26. Weka madonge sakafuni au mapajani, uvute uzi wa mita moja kabla ya kila mlia ili donge lisivute.

#33 Sindano_Nane
Angekuwa anafumia akiwa amening'inia kwenye mti labda.

#34 Gari_la_Mbali
Cheka. Tundika skafu yako msumarini kwa kona moja usiku mmoja uone.

#35 Kroshia_Tu
Mtaalamu wa ndoano naomba niingilie kuhusu kuokoa. Hamna haja ya kufumua safu 240. Chukua ndoano ya mm 3.5 na uzi mwekundu, pitia ukingo mrefu kwa mishono ya kuvuta (slip stitch), mmoja kwa kila tuta. Matuta ni 120, mishono 120. Kaza kidogo huku ukipima kila sm 10 dhidi ya ukingo wa pili. Unaweza kurudisha 64 hadi 60 au 61. Ili kingo zifanane, pitia na kushoto pia, lakini huko kwa ndoano ya mm 4.5 na mkono mwepesi. Vilevile unaficha ule uzi uliopandishwa, ambao kwa mlia wa rangi mbili siku zote unaonekana kama mshono wa fundi mlevi.

#36 FundiSufu
Hii ni nzuri. Angalizo: ukingo uliopitiwa hivyo hauvutiki tena. Kwa skafu sawa, shingo haihitaji mvuto. Kwa kofia usithubutu.

#37 Ukingo_Mrefu
Mimi ningeachana na kingo kabisa. Ifume kwa urefu. Mita moja kwa vitanzi 22 kila sm 10 ni vitanzi 220 kwenye sindano ya mduara ya sm 80 au 100, unafuma kwenda na kurudi. Safu 48 tu unapata sm 12. Milia inaenda kwa urefu wa skafu, na nyuzi zote za kubadilishia zinaangukia miishoni, unaziacha sm 15 zinakuwa matamvua. Hakuna kupandisha, hakuna kuficha ncha kwa sindano ya kushonea.

#38 Madonge_Mawili
Umeficha mambo mawili. Ukibadilisha rangi kila safu mbili, unaanza na kumalizia mwisho uleule, kwa hiyo ncha zote 48 ziko upande mmoja na upande wa pili uko uchi. Ukikata kila safu moja ili upate ncha pande zote, tuta linachanganya rangi mbili na milia haina mpaka. Njia safi: safu mbili mbili, matamvua ya asili upande mmoja, upande wa pili unaongeza vipande 24 vya sm 32 vilivyokunjwa katikati na kuvutwa kwa ndoano.

La pili, vitanzi 220 vya kuanzia vikikazwa, ukingo wa chini utafinya skafu nzima, na utapata ndizi ileile kwa urefu. Anzisha kwa sindano ya mm 5, kisha hamia mm 4. Kufunga pia kwa mm 5.

#39 Jangwani_Kijani
Kwa hiyo hata huko ndizi ipo. Nilisema rangi.

#40 Kahama_Kipupwe
Swali la mgeni. Nikifuma laini badala ya matuta, si kitambaa kinakuwa kizuri zaidi na milia inaonekana safi?

#41 Rula_na_Uzi
Milia itakuwa safi upande mmoja, na skafu itajiviringisha kama mkeka. Kingo za pembeni zinaviringika kuelekea nyuma, za juu na chini kuelekea mbele. Vitanzi vinne vya matuta kila upande vinapunguza, haviponyi.

Kwenye matuta kuna kanuni moja: rangi mpya ianze daima upande uleule wa kitambaa. Mtoa mada anaanza safu ya kwanza ya mlia upande wa mbele, kwa hiyo mbele mpaka wa rangi ni mstari safi, na nyuma una vidoti vya rangi mbili. Wengi wanadhani vile vidoti ni kosa. Ndivyo matuta yalivyo, safu moja ya rangi inachungulia kwenye ile nyingine. Anayetaka pande zote safi, akafanye maradufu.

#42 Limuru_Baridi
Maradufu si ndiyo DK? Uzi wake si ni DK tayari?

#43 FundiSufu
Hapa ndipo watu wengi huanguka. DK kwenye lebo ni unene wa uzi tu. Kufuma maradufu ni ufundi mwingine: vitambaa viwili vinavyofumwa pamoja, migongo imegusana. Kwa upana huu unaanzisha vitanzi 52 badala ya 26. Kila jozi: nyuzi zote mbili nyuma, fuma kitanzi cha kwanza kawaida kwa nyekundu, nyuzi zote mbili mbele, fuma cha pili kinyume kwa nyeupe. Rudia. Mbele inatoka nyekundu, nyuma nyeupe. Ukitaka herufi au mraba, unabadilishana rangi ndani ya jozi, na nyuma picha inatokea kinyume.

Mwanzo wa kila safu pishanisha nyuzi mara moja, usipofanya hivyo pembeni panafunguka na umefuma mfuko. Tumia sindano ya mm 3.5, maana maradufu inalegeza mkono. Na gharama: skafu ya mtoa mada inakula kama sm 40 za uzi kwa safu, safu 400 ni mita 160, rangi zote mbili pamoja. Maradufu inakula zaidi ya hapo.

#44 Kitanzi26
Wakuu, nimefuma sampuli mbili, vitanzi 26, safu 40 kila moja (milia 10). Kwa ndizi yangu ya sasa, safu 40 zinatakiwa kutoa tofauti ya karibu milimita 7 kati ya kingo.

Sampuli A: nimefuata #10, kitanzi cha kwanza kushoto nakifuma, sikihamishi. Kulia naendelea kuzungusha kama zamani. Tofauti: milimita 4.
Sampuli B: nimefuata #13, sizungushi uzi katikati ya mlia. Kushoto naendelea kuhamisha kitanzi. Tofauti: milimita 3.

Zote zimelazwa mezani nusu saa, nimetumia rula moja.

#45 MamaMakete
Nilisema.

#46 Madonge_Mawili
Nilisema. Tena yangu imepunguza 4, ya mama imepunguza 3. 4 na 3 ni 7. Zote zikiunganishwa ndizi imekwisha.

#47 Sindano_Nane
Milimita moja kwenye kitu kinachovutika sio ushindi, ni pumzi. Pia mkono wa mtu anayejua anapimwa hubadilika. Sampuli zote mbili kafuma akiwa anafikiria ukingo, kwa hiyo zote zingepungua hata bila kubadilisha kitu. Afume sampuli C, njia yake ya zamani bila kubadilisha chochote, tuone kama 7 inarudi.

#48 Gari_la_Mbali
Na mseme madonge yalikuwa wapi.

#49 Kitanzi26
@Gari_la_Mbali mapajani, safari hii. Zamani yalikuwa kwenye mfuko uliotundikwa kwenye kiti, kulia.

#50 Gari_la_Mbali
🙂

#51 FundiSufu
Basi sampuli zote mbili zimebadilisha vitu viwili kwa mara moja, na hatujui milimita zipi ni za nani. C ya Sindano_Nane ifumwe madonge yakiwa kwenye mfuko uleule. Kisha D, madonge mapajani, mengine yote ya zamani. Uzi utatosha, skafu ikifika mita moja itakuwa imekula kama gramu 28 kwa kila rangi, na kila sampuli inakula kama gramu 3. Ukimaliza kupima unazifumua na kuutumia tena.

#52 Kitanzi26
Sawa. C naanza leo usiku. Skafu yenyewe nimeiacha kwenye uzi wa kushikilia, safu ya 240, haijafumuliwa wala haijapitiwa ndoano.

#53 Kroshia_Tu
Ndoano ipo pale ukichoka. Dakika 40.

#54 Jangwani_Kijani
Sampuli E: kijani na njano.